UZI: Njia ya kuzunguka ziwa Sognsvann, Oslo, kwa wazee, wenye vigari vya watoto na wanaotumia viti vya magurudumu

Mpitanjia (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Kila mwaka ikikaribia Mei swali hili hurudi kwa sura tofauti: mzazi anakuja Oslo kumtembelea mwanawe, magoti yake hayataki tena milima, naye angependa kuuona msitu wa kaskazini kuliko kushinda ghorofani akitazama runinga ya lugha asiyoielewa. Apelekwe wapi? Jibu langu ni Sognsvann, na nitaeleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa ushauri wa mkato wa "mpeleke Nordmarka" umewafikisha wageni wengi kwenye mizizi, matope na miamba ambayo hata kijana huivuka kwa kushikilia matawi.

Sognsvann ni ziwa dogo kaskazini mwa jiji, mita 183 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo nyumba zinakoma na msitu wa Nordmarka unaanza. Njia inayolizunguka ina urefu wa takriban kilomita 3.3. Mtu mwenye mwendo wa kawaida huimaliza kwa dakika 45 hivi, lakini mzee anayependa kukaa kwenye kila benchi mpe saa moja na nusu, na msimharakishe. Ni njia pana ambayo watu watatu wanaweza kutembea sambamba wakizungumza, imetandikwa changarawe ndogo iliyoshindiliwa, na karibu muda wote unayaona maji upande mmoja na misprusi na misonobari upande wa pili. Ina vipando vichache vifupi, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ni tambarare tupu, ila hakuna kipando cha kumkatisha pumzi mtu anayepanda ngazi za kwake nyumbani.

Kinachoifanya njia hii ishinde nyingine nyingi ni treni. Sognsvann ni kituo cha mwisho cha T-bane (treni ya mjini) namba 5, reli iliyofunguliwa mwaka 1934, na kutoka katikati ya jiji safari huchukua takriban robo saa. Treni hupita Majorstuen, Blindern kilipo Chuo Kikuu cha Oslo, Ullevål kwenye uwanja wa taifa wa mpira, kisha Kringsjå, halafu unashuka. Mabehewa ya sasa sakafu yake iko sawa na jukwaa la kituo, hivyo kiti cha magurudumu au kigari cha mtoto huingia na kutoka bila kunyanyuliwa. Ukishuka, ziwa liko dakika chache tu mbele yako. Mkianzia katikati ya jiji, chagueni kituo chenye lifti kama Jernbanetorget, maana baadhi ya vituo vya zamani vina ngazi ndefu. Tiketi ya kanda namba 1 inatosha, na inunuliwe kabla ya kupanda: hakuna geti la kukuzuia, lakini wakaguzi wapo na faini yake inauma.

Nieleze pia kwa nini ziwa hili lipo hivi lilivyo, kwa sababu mgeni huona msitu ukianza ghafla ubavuni mwa kituo cha treni akadhani ni bahati tu. Hadi miaka ya 1960 Sognsvann lilikuwa miongoni mwa vyanzo vya maji ya kunywa ya Oslo, na chanzo cha maji hakijengewi kandokando. Mwaka 1946 maelfu ya wakazi waliandamana kupinga nyaya za umeme wa msongo mkubwa kukatishwa katikati ya Nordmarka, na tangu hapo mwanasiasa yeyote wa jiji hili amejua kwamba msitu huo una wenyewe. Mwaka 2009 Bunge lilipitisha sheria maalumu ya Marka, yaani misitu yote inayolizunguka jiji, ambayo imeweka mpaka na kuzuia ujenzi wa nyumba ndani yake. Wenye mali wangelipa fedha nyingi kujenga kando ya ziwa hili. Ukitembea pale leo hutaona hata ukuta mmoja wa ghorofa umeegemea maji.

Haki ya kutembea msituni ni ya kila mtu, hata kama ardhi ni ya mtu binafsi, na imeandikwa katika sheria ya mwaka 1957. Huhitaji kiingilio, kibali wala uraia. Unaruhusiwa kuchuma uyoga na vitunda vya bluu vya mwituni, ambavyo huiva kuanzia Julai hadi Agosti. Ila haki ya kuingia msituni haimsaidii mtu ambaye kiti chake hakipiti, na hapo ndipo njia iliyotengenezwa kwa makusudi inapokuwa na maana. Sehemu ya kusini, mkabala na unapotokea kituoni, kuna uwanja mkubwa wa majani, choo kinachotumika na watu wenye ulemavu, na mahali pa kuogelea palipoandaliwa ili mwenye kiti cha magurudumu naye ayafikie maji.

Wakati mzuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni asubuhi ya siku ya kazi mwezi Juni, jua linapozama karibu saa tano kasorobo usiku na hakuna anayekimbizana na giza. Jumapili yenye jua jiepushe nayo kama mzee wako hapendi msongamano, kwa kuwa wakimbiaji, baiskeli, mbwa na familia nzima nzima huijaza njia hiyohiyo.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

BintiPangani

Kaka Mpitanjia, ahsante sana kwa uzi huu. Mama yangu ana miaka 71, anatembea kwa bakora, na anatarajiwa kufika katikati ya Septemba na kukaa hadi mwisho wa Novemba. Nimemweleza habari za msitu, akaniuliza mambo mawili ambayo sikuwa na majibu yake: kuna nyoka, na kuna wanyama wakali? Langu mimi ni la baridi. Je, kwa miezi hiyo njia itakuwa inapitika kwa mtu wa umri wake?

Mpitanjia

Dada BintiPangani, mfikishie Bi Mkubwa shikamoo yangu, na umwambie kwamba maswali yake ndiyo ya kwanza ambayo mtu wa kwetu yeyote mwenye akili angeuliza.

Nyoka mwenye sumu Norwei ni wa aina moja tu, anaitwa huggorm, wa ukoo mmoja na kifutu wetu ingawa ni mwembamba zaidi. Hupenda kuota jua juu ya mawe na kwenye majani marefu, na akihisi kishindo cha miguu hujiondokea. Kwenye njia pana ya changarawe utamwona kabla hujamfikia. Mwiko ni mmoja, nao ni kumshika au kumchokoza. Tena sheria inamlinda, kwa hiyo hauawi. Ikitokea ameuma, mtu atulizwe, asitembezwe ovyo, na ipigwe simu namba 113. Baridi ikishakolea hulala ardhini hadi majira ya kuchipua, kwa hiyo kuanzia Oktoba na kuendelea Mama hana haja ya kumuwaza.

Mnyama mkubwa wa msitu huu ni elg, jamii ya kulungu, ambaye dume lake linaweza kumzidi ng'ombe kwa uzito. Kando ya Sognsvann kumwona ni nadra kwa sababu ya watu wengi. Akitokea, simameni mbali, msimkaribie kwa ajili ya picha, hasa akiwa na ndama. Anayewaletea watu taabu za kweli ni mdogo sana, naye ni kupe. Hukaa kwenye nyasi na vichaka akisubiri mguu upite, na baadhi yao hubeba vijidudu vya ugonjwa wa borelia. Mama akibaki katikati ya njia hatari inapungua sana, lakini mkirudi nyumbani mkague nyuma ya magoti, kiunoni na kwapani. Akikutwa, ang'olewe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, na kama siku zinazofuata wekundu utaanza kutanuka kuzunguka alama, aonwe na daktari.

Kuhusu majira, Septemba ni neema tupu: majani ya mibetula yanageuka njano, mbu wamekwisha. Oktoba njia inalowa lakini inapitika. Novemba ndiyo yenye mashaka, kwani mwishoni mwa mwezi jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, na maji yaliyotuama njiani usiku huganda yakawa barafu nyembamba isiyoonekana. Mtoke nyumbani saa tano asubuhi, mrudi saa nane. Bakora yake itafutiwe ncha ya chuma inayokunjuka, inauzwa madukani hasa kwa ajili hiyo.

MkaaziWaKringsja

Wakuu, naunga mkono hoja. Mimi ni mwanafunzi, ninaishi katika mabweni ya Kringsjå, kituo kimoja kabla ya Sognsvann, na kwa miaka mingi wanafunzi wengi wa Kitanzania waliokuja kusoma Oslo kwa ule mpango wa Norwei wa nafasi maalumu za ufadhili uliofungwa mwaka 2016 wamepita katika mabweni haya. Kwa hiyo kwenye kingo za ziwa hili Kiswahili si kigeni hata kidogo.

Naomba kuongezea habari za majira ya baridi kwa undani kidogo. Theluji ikianguka, njia hukanyagwa na mamia ya watu hadi inakuwa ngumu na yenye kung'aa, na hapo kiatu chochote, hata kiwe cha bei gani, kinateleza. Dawa yake ni brodder, yaani mpira unaovutwa kuzunguka kiatu, wenye vijino vya chuma chini yake. Anza kuuingiza mbele kwenye vidole, kisha uvute kwa nguvu hadi ukamate kisigino, na uhakikishe vijino havikukaa upande. Mzee asivivae akiwa amesimama; akae kwenye benchi, avalishwe na mwingine. Na avue kabla ya kuingia kwenye treni au dukani, kwa sababu kwenye sakafu ya marumaru vijino hivyo huteleza kuliko barafu yenyewe.

Ziwa nalo huganda, na mtawaona watu wakitembea juu yake, wengine wakivua samaki kwa kutoboa tundu. Ushauri wa wataalamu ni kwamba barafu imara iwe na unene wa angalau sentimita 10 kabla mtu hajaikanyaga, na hata hapo mjihadhari kusini kijito kinapotoka na kaskazini maji yanapoingia, kwa sababu maji yanayotembea hayaachi barafu inenepe. Mgeni asiende huko kwa kufuata mkumbo.

La mwisho ni kuhusu alama. Msituni mtaona rangi kwenye miti: bluu ni njia za miguu za kiangazi, nyekundu ni njia za kuteleza kwa ski. Alama ya bluu haimaanishi kwamba njia ni rahisi. Inakuonyesha uelekeo tu, na mita hamsini baada ya kuiacha changarawe unaweza kujikuta unaruka mawe.

MzeeKifimbo

Ndugu zangu, niruhusuni nitofautiane kidogo na mleta uzi. Familia yetu ililetwa Norwei kutoka kambi ya Nakivale, Uganda, na kwa asili ni watu wa Kivu. Kijana wangu anatumia kiti cha magurudumu cha kusukuma kwa mikono. Sognsvann tunakwenda mara kwa mara, na ni pazuri kweli. Lakini kusema "inapitika" bila kueleza inapitika na nani na lini ni kumpotosha mwenye kiti.

Kiti kina magurudumu mawili madogo mbele. Changarawe ikiwa kavu na imeshindiliwa, yanateleza bila shida. Mwezi wa Aprili, theluji inapoyeyuka na ardhi ya chini bado imeganda, maji hayana pa kwenda, na tabaka la juu la njia linakuwa uji. Magurudumu ya mbele yanazama, kiti kinataka kupinduka mbele, na anayesukuma nyuma anabaki kuinua mpini kila hatua. Wakati huo hatuendi. Tunasubiri hadi katikati ya Mei.

Vile vipando vifupi ambavyo ndugu Mpitanjia amevipita kwa maneno mawili, kwa anayejisukuma mwenyewe ni kazi ya mabega. Kijana wangu ana nguvu, anavipanda, lakini baba yake mzazi nikiwa kwenye kiti hicho nisingeviweza bila msaidizi. Pia kushuka kunahitaji glavu, kwa kuwa mikono ndiyo breki. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba safari ya kwanza isiwe ya kuzunguka ziwa zima. Nendeni upande mmoja hadi mahali ambapo mzee anaanza kuchoka kidogo, kaeni, kuleni, rudini njia ileile. Ukishafika nusu ya duara hakuna njia ya mkato, na kurudi ni mbali sawa na kuendelea.

Mpitanjia

Mzee wangu MzeeKifimbo, nimekuelewa na ninakubaliana nawe juu ya Aprili na juu ya safari ya kwanza. Ninashauri wasomaji wachukue maelezo yako pale yanapohusu viti, kwani wewe unasema kwa mabega. Ninachobaki nacho ni kwamba kwa mwenye bakora, kama mama yake BintiPangani, duara zima kwa mwendo wa pole katika Septemba ni jambo linalowezekana, mradi mabenchi yatumiwe.

Ninaongeza onyo ambalo linawahusu wote. Kaskazini mwa ziwa kuna barabara ya changarawe inayopanda kuelekea Ullevålseter, nyumba ya zamani ya msituni inayouza kahawa na vitumbua bapa vya Kinorwei. Wenyeji watawaambia kwa uso mkunjufu kwamba "ni hapo tu". Hapo tu ni zaidi ya kilomita 5 za kwenda, kwa kupanda sehemu kubwa ya njia, na ni hizohizo za kurudi. Kwa vijana ni matembezi mazuri sana. Kwa mzee wa bakora hapana, hata akisisitiza mwenyewe kwa kuona aibu ya kuwarudisha nyuma.

ChomaTaratibu

Wadau, mbona suala la chakula halijaguswa? Sisi tunapotoka na wazazi hatuwezi kwenda na mkate wenye jibini kama wenyeji. Je, kuchoma mishkaki kando ya ziwa kunaruhusiwa? Nimesikia kuna marufuku ya moto.

Mpitanjia

Ndugu ChomaTaratibu, swali zuri. Kisheria, kuanzia tarehe 15 Aprili hadi 15 Septemba ni marufuku kuwasha moto msituni na karibu na msitu, isipokuwa mahali ambapo ni dhahiri kwamba hauwezi kuwaka na kuenea. Kwa vitendo, hii ina maana kwamba mnachomea kwenye sehemu zilizotengwa, kwenye mchanga au changarawe ukingoni mwa maji, na si juu ya majani wala chini ya msonobari. Yale majiko madogo ya bati ya kutumia mara moja yanatumiwa na watu wengi, lakini yasiwekwe moja kwa moja kwenye nyasi kwa kuwa chini yake huunguza. Makaa yaliyokwisha yamwagiwe maji hadi yapoe kabisa, kisha yatupwe kwenye pipa la makaa, kwani pipa la takataka za kawaida hushika moto. Ukame ukizidi, marufuku huwa ya jumla, kama ilivyokuwa kiangazi cha 2018, na hapo hata sehemu iliyotengwa hairuhusiwi. Soma taarifa za zimamoto asubuhi kabla hujaroweka nyama.

Pilau ya kwenye chupa ya kuhifadhi joto haina msimu wala marufuku, na kwa kweli mzee anaishangilia zaidi akiwa anatazama maji.

BintiPangani

Nashukuruni nyote. Mama amefurahi kusikia kwamba nyoka analala Oktoba. Nina maswali mawili ya kumalizia. Yeye ni mwoga wa mbwa, na isitoshe hapendi wamlambe kabla ya swala. Pili, je, kuna ziwa jingine rahisi ambalo tunaweza kubadilisha, ili isiwe kila wiki Sognsvann?

Mpitanjia

Dada, kwa mbwa, sheria ya nchi inataka wafungwe kamba kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 20 Agosti. Mama atakuja baada ya hapo, kwa hiyo huenda akakutana na baadhi waliofunguliwa, ingawa mwenye mbwa anawajibika kumdhibiti wakati wote. Ukimwona anakuja, inua mkono na umwambie mwenye mbwa kwa upole kwamba mama anaogopa; atamwita na kumshika, na hataona kwamba umemkosea. Asubuhi za siku za kazi wanakuwa wachache kuliko jioni.

Kwa ziwa jingine, Østensjøvannet lililo mashariki mwa jiji linafaa. Hilo si ziwa la msituni, kwa sababu limezungukwa na mitaa, lakini limekuwa hifadhi tangu 1992 na lina ndege wengi wa majini, na mnalifikia kwa T-bane namba 3 mkishukia Skøyenåsen au Bøler. Nøklevann, kwenye msitu wa Østmarka, ni zuri zaidi kwa macho, ila kulizunguka ni zaidi ya kilomita 7 na kutoka kituoni mnapanda kwanza, kwa hiyo kwa Mama iwe ni kufika ukingoni, kukaa na kurudi. Maridalsvannet lisiwavutie kwa ukubwa wake mkadhani mtatia miguu majini, kwa sababu ndilo linalolipatia jiji sehemu kubwa ya maji ya kunywa na kuogelea humo ni marufuku.

MzeeKifimbo

Nyongeza ndogo kwa dada: Østensjøvannet msiwape bata mkate, hata mama akiona watoto wa wenyeji wanafanya hivyo. Na kama mtakwenda Sognsvann katika wiki ya kwanza ya Oktoba, chukueni mfuko wa plastiki au gazeti la kukalia, kwa kuwa mabenchi huwa yamelowa hadi saa sita.